Ruzuku za meli za barua: zilinunua kasi au bendera?

Tishari: Mwaka 1890 Reichstag, bunge la Ujerumani kule Berlin, iliidhinisha marki 900,000 kwa mwaka ili kampuni ya meli ya Deutsche Ost-Afrika-Linie ilete barua na abiria kutoka Hamburg hadi pwani yetu. Mwaka 1900 zikapandishwa hadi 1,350,000. Waingereza walishatangulia: British India, kampuni ya meli ya Mackinnon, ilipewa mkataba wa barua wa Aden hadi Unguja mwaka 1872. Je, mlipa kodi wa Ulaya alipata kasi, au alilipia bendera ipepee bandarini? Mimi nasema bendera.

Makaa: Piga hesabu kwanza. Nguvu ya mashine hupanda kwa mchemraba wa mwendo, yaani mwendo uliozidishwa kwa wenyewe mara tatu. Aden hadi Unguja ni maili za bahari 1,700 na ushei. Kwa fundo 10 (maili 10 za bahari kwa saa) ni siku saba, kwa fundo 12 ni siku sita kasoro. Umeokoa saa 28 hivi. Malipo yake: nguvu 73% zaidi na makaa ya safari 44% zaidi, tena makaa yanalala ngamani mahali ambapo pangekaa mzigo wa kulipiwa. Hapo bahari shwari. Kusi ikichachamaa, meli inayoshuka kutoka Aden inaupokea upepo usoni na hesabu yote inaharibika. Na meli yenyewe inakuja mara moja kwa mwezi! Barua iliyochelewa saa moja inangoja wiki nne. Fedha hiyo ingewekwa kwenye meli mbili za fundo 10. Barua ndiyo iliyokuwa bwana, hata neno "meli" ni "mail" ya Waingereza.

Mwana wa Merikebu: Ebo! Yaani tulimngoja Mackinnon ndipo tujue chombo?

Makaa: Nani kasema chombo? Mtepe, jahazi na merikebu vilikuwepo. Meli ni ile ya moshi, inayokuja kwa ratiba. Manowari nayo ni "man-of-war", stima ni "steamer".

Kipozamataza: Na Nairobi stima, yaani umeme, zikipotea hakuna anayekimbilia bandarini.

Mwana wa Merikebu: Cheka tu. Kila neno la pwani lazima litafutiwe baba Ulaya?

Makaa: Merikebu ina baba Uarabuni, mbona huyo hukumkataa?

Tishari: Jamani, ruzuku. Marekani iliilipa kampuni yake ya meli, Collins Line, dola 385,000 kwa mwaka imshinde kwa kasi Cunard wa Uingereza, na 1852 ikapandisha hadi 858,000. Ikamshinda kweli. Lakini meli zilikuwa za mbao na mashine zilizizidi mbavu, kila zikirudi New York mafundi wanazivamia usiku na mchana. Meli yao Arctic ikazama 1854, nyingine, Pacific, ikapotea 1856, Congress ikapunguza fedha, 1858 kampuni chali.

Bi Rafadha: Umechagua maiti ili ushinde kesi. Mauretania, meli ya Cunard, je? Kwa makubaliano ya 1903 Cunard ilikopeshwa pauni milioni 2.6 kwa riba ya 2.75%, juu yake pauni 150,000 kwa mwaka kwa meli mbili, yeye na Lusitania. Mashine zake zilikuwa turbini za mvuke za Parsons, makaa karibu tani 1,000 kwa siku. Ilishika rekodi ya Atlantiki miaka 20, hadi 1929. Hiyo nayo ni bendera?

Tishari: Ndiyo. J.P. Morgan tajiri wa Marekani, alikuwa ameshainunua White Star, kampuni ya meli ya Waingereza, London ikaingiwa na hofu, na jeshi la majini lilitaka meli za kugeuzwa manowari. Vita vilipokuja 1914 wakaona zinakula makaa mno kwa kazi hiyo.

Makaa: Tena Kaiser Wilhelm der Grosse, meli ya Wajerumani iliyowatia Waingereza kiwewe 1897, haikulipiwa ruzuku kwa njia ya New York. Zile marki milioni 4.4 za kampuni yake, Norddeutscher Lloyd, za 1885 zilikuwa za Asia Mashariki na Australia. Kansela Bismarck aliomba na za Afrika, akanyimwa, zikaja 1890.

Tishari: Na huku kwetu? Kilindini ilipata gati za maji marefu 1926, Dar es Salaam 1956. Unakimbiza meli kutoka Hamburg, kisha inalala nangani ikingoja matishari, mashua bapa za kushushia mzigo. Kasi gani hiyo?

Bi Rafadha: Bwana Tishari, jina lako limekuponza. Mifuko ya barua hushuka kwanza, kwa mashua, na abiria hali kadhalika. Tishari ni la magunia. Ukichanganya mzigo na barua hutaelewa kwa nini mkataba ulihesabu saa za barua na si za magunia.

Tishari: Nimechanganya wapi? Mzigo nao ulibeba gharama!

Mwana wa Merikebu: Hakuna aliyenijibu. Wazee wangesema "merikebu ya barua", basi.

Makaa: Haya, sema hivyo mara kumi ukiwa na haraka, uone kitakachobaki.

Mwana wa Merikebu: Itabaki merikebu.