Naomba ushauri: nigawanyeje muda kati ya masomo na mazoezi ya kutengeneza tovuti?

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Niko mwaka wa pili wa diploma ya TEHAMA, na jioni nafuata kozi ya freeCodeCamp, tovuti ya bure ya kujifunza kuandika programu. HTML na CSS (lugha za kuunda ukurasa na kuupamba) nimemaliza, sasa niko kwenye JavaScript (lugha ya kuufanya ukurasa uitikie mtumiaji). Mazoezi ya kozi nayaweza, kwa sababu kila hatua unaelekezwa uandike nini.

Mwezi uliopita mama mdogo, ambaye ana mgahawa, aliniomba ukurasa mmoja tu: menyu, bei na namba ya simu. Nilifungua faili tupu nikakaa saa nzima bila kuandika mstari wa maana. Baadaye ikawa hivi: kwenye kompyuta picha zinakaa vizuri, kwenye simu zinatoka nje ya skrini. Niliumia, maana nilidhani najua. Siku ya tatu ndipo nikagundua picha nilizipa upana usiobadilika wa pikseli (nukta za skrini) 800 badala ya asilimia 100 ya nafasi iliyopo. Siku hizo tatu zilinifundisha kuliko wiki nyingi za kuangalia video.

Lakini kazi za chuo zinarundikana, mtihani wa hifadhidata umekaribia, na jioni nabaki na saa mbili tu. Nikifuata kozi, mikono inalala. Nikijenga, kozi inasimama.

Mliopita njia hii mligawanyaje? Je, niisimamishe JavaScript hadi nikabidhi ukurasa wa mama mdogo? Na nikikwama, nihangaike kwa muda gani kabla ya kutafuta jibu?