Niandike nini katika shajara ya uwandani ikiwa hakuna kinachotokea?

Mwanafunzi wa Uzamili

Habari zenu wanajukwaa. Ninafanya utafiti wa kisosholojia kuhusu namna watu wanavyosubiri huduma katika kituo cha afya, na mbinu niliyoichagua ni uchunguzi shirikishi: ninaketi na wagonjwa katika chumba cha kusubiria, ninasikiliza, ninazungumza na anayependa kuzungumza, kisha usiku ninaandika. Uongozi wa kituo umenipa kibali. Tatizo ni kwamba madokezo yangu yanafanana siku hadi siku. Watu wanaingia, wanaketi, wanaitwa, wanaondoka. Msimamizi wangu ameyasoma na kusema kwamba nusu yake ni maoni yangu, na nusu nyingine ingeweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kufika pale. Naomba mnielekeze: mtafiti anaandika nini pale ambapo maisha yanaendelea kwa kawaida tu? Na je, ni halali kuwachunguza watu ambao hawajui kwamba mimi ni mtafiti?

Mwalimu wa Mbinu za Utafiti

Ndugu, hakuna chumba cha kusubiria ambamo hakutokei kitu. Tuchukue sentensi ambayo huonekana mara nyingi katika madokezo ya wanafunzi: "Mama mmoja alikasirika kwa sababu foleni haikufuatwa." Hapo mna hukumu mbili na hamna tukio hata moja, kwa kuwa msomaji haoni hasira ilivyojitokeza wala hajui foleni hiyo ilipangwa na nani. Sasa linganisha na maelezo haya: "Saa nne na dakika kumi muuguzi alifungua mlango, akamwita mzee aliyeingia mwisho. Mama mwenye bahasha ya kahawia aliinuka kidogo, akautazama mlango, akamtazama jirani yake, kisha akaketi. Jirani alisema kwa sauti ya chini, 'Yule ni mtu mzima.' Mama hakujibu. Alihamisha bahasha kutoka paja moja hadi jingine."

Maelezo ya pili yanakupa jambo la kuchambua. Yanaonyesha kwamba ipo kanuni ya zamu, kwamba umri unaweza kuitengua kanuni hiyo, na zaidi ya yote, kwamba aliyeutetea utenguzi huo ni mgonjwa mwenzake, wala si muuguzi. Hilo la mwisho ndilo ninalolithamini zaidi, kwa sababu hojaji isingelikuletea. Ukimuuliza mtu ni nani anayesimamia foleni, atakutajia wahudumu.

Kuhusu uandishi wenyewe, chukua vidokezo vya maneno machache pale pale, kisha uandike maelezo kamili siku hiyo hiyo kabla hujamsimulia mtu yeyote, maana simulizi hunyoosha mambo yaliyokuwa yamepinda. Fasiri zako ziweke pembeni au katika daftari jingine. Maneno ya watu yatie katika alama za kunukuu iwapo tu unayakumbuka kama yalivyosemwa.

Wala usiwe na haraka ya kuuliza maswali. William Foote Whyte, aliyechunguza vijana wa mtaa wa wahamiaji wa Kiitalia jijini Boston na kuchapisha kazi yake mwaka 1943, alishauriwa na mwenyeji wake apunguze kuuliza "nani" na "kwa nini"; baadaye alikiri kwamba kwa kuketi na kusikiliza alipata majibu ya maswali ambayo asingejua hata kuyauliza.

Mtakwimu Anayependa Uwanda

Nakubaliana na mwalimu kwa sehemu kubwa, lakini maelezo peke yake yana hatari yake: jicho hufuata kilichochangamka na kuacha kinachojirudia, ilhali maisha ya kila siku ni marudio. Kwa hiyo hesabu pia. Wakati kiwanda cha nguo cha kijiji cha Marienthal nchini Austria kilipofungwa na karibu kijiji kizima kukosa ajira, watafiti wakiwemo Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel, waliochapisha matokeo yao mwaka 1933, hawakutosheka na mazungumzo. Walikaa dirishani wakiwa na saa, wakapima mwendo wa watu barabarani na kuhesabu mara ngapi kila mmoja alisimama. Wanaume walitembea polepole na kusimama mara kwa mara. Wanawake, ambao kazi za nyumbani hazikuwaishia, walipita kwa kasi zaidi. Walibaini pia kwamba wanaume wengi walikuwa wameacha kubeba saa. Mgeni angeona kijiji kilichopumzika, kumbe wakati wenyewe ulikuwa umegawanyika mara mbili.

Katika chumba chako, hesabu ni nani anayekwenda dirishani kuulizia zamu yake, baada ya dakika ngapi, na ni viti vipi vinavyojaa mwisho.

Mchangiaji Mpya

Je, asijaribu kuvuruga utaratibu kidogo ili kanuni ijitokeze? Mwanasosholojia Harold Garfinkel aliwaagiza wanafunzi wake waishi nyumbani kwao kwa muda mfupi kana kwamba ni wapangaji, na familia zilishangaa na hata kukasirika.

Mjumbe wa Kamati ya Maadili

Kwa wagonjwa, hapana. Mtu mwenye homa hastahili kuongezewa usumbufu ili sisi tujifunze.

Kuhusu swali la ridhaa, kibali cha uongozi hakitoshi, kwa kuwa uongozi hauwezi kuridhia kwa niaba ya mgonjwa. Mwanasosholojia Erving Goffman alikaa takriban mwaka mmoja, 1955 hadi 1956, katika hospitali ya akili ya St. Elizabeths jijini Washington akiwa na wadhifa wa msaidizi wa mkuu wa michezo. Wakuu wachache wa hospitali walijua shabaha yake, wagonjwa hawakuelezwa. Kazi iliyotokana na kukaa huko ni kubwa, lakini leo sidhani kamati makini ingeipitisha kwa namna ile.

Zingatia pia kwamba anayesubiri hawezi kukukimbia bila kupoteza zamu yake, kwa hiyo ukimya wake usiuhesabu kuwa ni kukubali. Bandika tangazo linaloonekana. Idadi na mienendo ya jumla unaweza kuiandika, lakini mazungumzo yakianza na mtu mmoja, jitambulishe kabla hayajafika kwenye ugonjwa wake, na akikataa usimdai sababu. Ikiwa mtu ataanza kukueleza shida zake akidhani wewe ni mhudumu, msahihishe hapo hapo, kisha umwonyeshe dirisha la kuulizia.