Mjadala: saiti kupapasa brauza yako bila kukuuliza, ni haki?

Wadau habari zenu. Niko Malindi, kazi yangu ni saiba, watu wanakuja kujaza fomu, kuprinti, kutuma CV. Juzi kuna saiti imekataa kumfungukia mteja, ati tuzime kwanza kizuia matangazo. Mteja akaniuliza "wamejuaje kama tunacho?" nikamwonyesha, hapo ukazuka ubishi mpaka jioni, wengine wanasema ni haki ya mwenye saiti, wengine wanasema huo ni upekuzi. Nauleta huku.

Kwanza inavyofanyika, manake wengi wanadhani mpaka uwe haka. Ukifungua ukurasa inakuja na skripti ya JavaScript, yaani maagizo yaliyoandikwa na wenye saiti, na hiyo skripti inafanya kazi ndani ya mashine yako wewe, si kwao. Zamani ilikuwa inasoma tu navigator.plugins inapata plagini zako zote, yaani vile viprogramu vya kuisaidia brauza kucheza video na kadhalika, una Flash toleo gani, una Java, una QuickTime. Sababu ilikuwepo, kama huna Flash video haichezi kwa hivyo wakupe kitu kingine. Lakini orodha hiyo hiyo ilisaidia kumtambua mtu. Mwaka 2010 shirika la Marekani la Electronic Frontier Foundation lilitoa matokeo ya kupima brauza kama 470,000 hivi, na 83.6% hazikufanana na nyingine yoyote mle, zile zenye Flash au Java ndio kabisa, 94.2%. Bila jina, bila kuki (kale kafaili saiti inakoacha kwako ili ikukumbuke).

Flash ilishakufa, Adobe waliiacha mwisho wa 2020. Leo fungua Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, nenda Console, andika navigator.plugins, utaona majina matano tu ya visoma PDF na jirani yako anaona yale yale matano, hilo tundu walilifunga makusudi. Sasa mchezo umehamia kwenye ekstensheni, vile viprogramu vya nyongeza unavyoweka mwenyewe kwenye brauza, kama hicho kizuia matangazo. Hizi hazina orodha ya kusomwa, kwa hivyo skripti inapapasa. Kila ekstensheni ya Chrome ina kitambulisho chake cha herufi 32, na baadhi zimeacha faili wazi, labda kapicha tu, ambako ukurasa wa mtu yeyote unaweza kukaita. Skripti inaita, kapicha kakija basi unayo, kasipokuja inajaribu ekstensheni nyingine na nyingine tena, na wewe umekaa hapo unasoma habari zako hujui lolote.

Msimamo wangu ni huu. Kupima kama brauza inafungua PDF sawa, ni kwa ajili ya kazi iliyonipeleka pale. Ekstensheni ni kunijua mimi mwenyewe. Chukua kijana ameweka ya nyakati za swala, dadake ameweka ya kumsaidia kusoma kwa sababu herufi zinamchanganya. Saiti imeshakisia dini ya mmoja na afya ya mwingine, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 inahesabu imani na afya kuwa data nyeti. Kwetu hata jirani hupiga hodi. Mnasemaje?

Fundi wa saiti, Malindi:
Kakangu nakusikia ila umetuweka wote kapu moja. Mimi natengenezea nyumba za wageni saiti, hapa mpaka Watamu, siulizi ekstensheni ya mtu. Ila mwenye gazeti analipa seva kwa matangazo, wewe unayazuia halafu unataka usome bure? Yeye anaweka kisanduku chenye jina la tangazo, anapima urefu wake, ukiwa sifuri anajua kimefichwa. Hajajua dini yako hapo. Na benki je? Kuna ekstensheni mbovu zinabadilisha ukurasa zinaiba pasiwadi, benki ikikagua si inamlinda mteja?

Mwalimu wa kompyuta, Lamu:
Ami, hayo matangazo bando anayelipa ni nani? Hapa Amu mwanafunzi ananunua bando dogo afanye kazi ya shule, video ya tangazo inaanza yenyewe inalimaliza. Kuzuia kwake si wizi. Mimi nawafundisha watumie Firefox, kule kila ekstensheni inapewa namba ya kubahatisha kwenye kila mashine, hako kapicha mtu hajui akaite kwa anwani gani. Haifungi kila kitu, manake ekstensheni ikigusa ukurasa inaacha alama, lakini ule upapasaji wa orodha nzima unakwama.

Mwanzisha mada:
Fundi, la kisanduku nakukubalia, hilo ni jibu moja tu ndio ama la, na mwenye gazeti akisema wazi "zima ama lipia" mimi nachagua. La benki sikubali. Benki inaweza kukagua ukurasa wake yenyewe, kuna fomu imeongezwa, kuna skripti ambayo si yake, hiyo haihitaji kujua nina ekstensheni ya swala. Na kama lazima iangalie ekstensheni fulani zinazojulikana kuwa za wizi, iziangalie hizo tu, iandike kwa Kiswahili pale pale kwenye ukurasa wa kuingia inaangalia nini na inaweka kwa muda gani, si kwenye masharti ya kurasa arobaini. Wewe ungeletewa kazi hiyo ungekubali kuiandika hiyo ilani?