Familia ya Bibi Kibosho

Mama Neema: Jamani habari za asubuhi. Bibi jana katia chumvi kwenye mtori mara tatu na jioni ananiuliza babu mbona hajarudi shamba 😢 nimejifungia jikoni nikalia. Nikashuka Moshi mjini nimenunua vidonge vya majani ya ginko elfu 45, aliyeniuzia anasema kumbukumbu inarudi, leo usiku naanza kumpa

Baba Joshua: Umefanya vizuri sana dada. Hospitali watasema ni uzee tu

Anti Upe: Dada NAOMBA usimpe kwanza!! Bibi si anameza warfarini ya moyo, ile ya kuzuia damu kuganda? Ginko nayo inafanya damu itoke kirahisi, ukizichanganya anaweza kuvujia damu hata kichwani, mi niko duka la dawa kila siku naona watu wanachanganya eti mitishamba haina madhara

Anti Upe: Halafu Marekani waliwapa wazee zaidi ya 3,000, wa miaka 75 kwenda juu, miligramu 120 asubuhi na jioni, wakawafuatilia kama miaka 6. Majibu yalitoka 2008, waliomeza ginko na waliomeza vidonge vitupu, ugonjwa wa kusahau uliwapata vilevile

Baba Joshua: Lakini Upe dawa za hospitali si nazo zinatoka kwenye miti?

Anti Upe: Kweli kaka, hata dawa ya galantamini wanayopewa wenye Alzheimer, aina moja ya ugonjwa wa kusahau, ilianzia kwenye maua ya Ulaya huko. Ila ile imepimwa, dozi inajulikana, na bado inasaidia kidogo tu haiponyeshi. Hicho kikopo nani kakipima

Anti Upe: Na tusiseme uzee. Hapo wilaya ya Hai walipima wazee wa miaka 70 na zaidi, wenye demensia, yaani huo ugonjwa wa kusahau, walikuwa kama 6 kwa kila 100, sasa hao wengine si wazee? Kusahau kunaweza kuletwa na vitamini B12 kupungua, na metformini yake ya sukari inaishusha hiyo, au tezi ya shingo, UTI, masikio kuziba, au huzuni tangu babu atutoke. Hivyo vyote vina matibabu

Mama Neema: Mdogo wangu nilikuwa naogopa tu wasije wakaniambia hakuna la kufanya

Baba Joshua: Jumatatu nakuja na gari saa 12 tumpeleke. Bebeni dawa zake ZOTE, na hicho kikopo

Mama Neema: Sawa nimeshakitoa kabatini kwake. Upe ukipata nafasi panda basi jumamosi uje, asubuhi hii kakutaja jina