Naomba ushauri: ustaarabu wa kale unanichanganya

Habari wakuu. Nipo sekondari, na kwenye historia sasa hivi tunasoma ustaarabu wa kale. Somo nalipenda mno. Shida ni kwamba tunafundishwa kila dola peke yake: Mesopotamia ikiisha, Misri, Misri ikiisha, Kushi. Mtihani unataka tulinganishe, na hapo kichwa kinagoma.

Mfano, Piye, mfalme wa Kushi (dola iliyokuwa kusini mwa Misri), aliiteka Misri karne ya 8 KK, wakati piramidi ya Farao Khufu ilishasimama zaidi ya miaka 1,700. Kwenye daftari langu wawili hao wako kurasa jirani, utadhani walisalimiana.

Halafu kuna Mohenjo-daro, mji wa kale wa ustaarabu wa bonde la mto Indus (Pakistan ya leo). Visima, mitaro ya matofali ya kuchoma kando ya mitaa, mji umepangika kuliko mingi ya leo! Ila maandishi yao hayajasomeka mpaka sasa, na mwalimu anataka "aina ya serikali" kwa kila ustaarabu. Niandike nini kuhusu mfalme ambaye huenda hakuwepo?

Mliofaulu somo hili, mlikuwa mnapangaje tarehe? Mstari mmoja wa miaka kwa wote, au jedwali? Na nikijibu kwamba ushahidi hautoshi, msahihishaji atanipa maksi kweli?