Umecheza au kutazama "En attendant Godot" (Tukimngoja Godot), mchezo wa jukwaani wa Samuel Beckett? Tupeane uzoefu

Wa Katuba: Nianze mimi. Tuliucheza hapa Lubumbashi, Kongo, kwa Kiswahili chetu, ukumbi wa parokia, mimi Estragon. Wazee wawili wanamngoja mtu chini ya mti, haji. Kesho yake wanamngoja tena, haji. Mwishoni Estragon anafungua kamba ya suruali wajinyongee, suruali inaanguka. Sasa mama mkwe alikuwa benchi la pili! Nilifungua kamba kwa mkono mmoja, wa pili umeshika kiuno. Mwalimu wetu ananong'ona nyuma ya pazia: "Achilia!" Sikuachilia. Baadaye nikasoma kwamba Paris, Januari 1953, mwigizaji wao naye aliishikilia yake, na Beckett akamwandikia Roger Blin, aliyeuongoza mchezo, kwamba lazima ishuke mpaka vifundoni.

Wa Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si nchi): Yaya, mimi nilitoka mapumzikoni na sijutii. Bango lenu liliahidi kicheko. Sisi tumekulia michezo ya Mufwankolo, kundi la maigizo la hapa kwetu: mtu anaingia tu, tayari kuna ugomvi wa nyumba. Miami mwaka 1956 walifanya kosa hilohilo, wakautangaza kama mchezo wa kuchekesha, watu wakaondoka kabla ya sehemu ya pili. Lawama ni ya bango.

Mama Ruashi: Nilimpeleka baba, aliyengoja malipo yake ya mwisho ya kampuni miaka mingi. Kitoto kilipoingia kusema Bwana Godot leo hatakuja, ila kesho bila shaka, baba akasema kwa sauti: "Huyu namjua, anakaa dirisha la pili!" Ukumbi mzima ukapasuka. Hakuuliza hata mara moja Godot ni nani. Mapadri ndio waliobishana nje hadi saa tatu usiku: ni Mungu, si Mungu. Kumbe mwaka 1957 ulichezwa gereza la San Quentin, Marekani, mbele ya wafungwa 1,400 hivi, nao wakatulia wakaufuata vizuri. Waliozoea kungoja hawahitaji mfasiri.

Wa Kampemba: Na ule mti? Majani yalikuwa mengi mno.

Wa Katuba: Tawi la mwembe, kaka. Sehemu ya pili inataka majani manne au matano tu, tukachoka kuyang'oa.

Wa Kenya: Na mama mkwe alisemaje?

Wa Katuba: Alikuwa amesinzia tangu nilipokula karoti, sehemu ya kwanza.