Kanisa "moja, takatifu, katoliki, la mitume" ni lipi hasa? Na yule askofu wa Zanzibar wa 1913 alikosea?

Mkwe wa Kibosho
Wakuu habari za jioni. Mimi Mlutheri wa Machame, mke wangu Mkatoliki wa Kibosho. Sie wa kule tunajua siri, 1893 wamisionari wa Leipzig wametua Machame, mwaka huohuo mapadre wa Roho Mtakatifu wamefungua misheni Kibosho, basi babu yako akiwa ng'ambo hii ya mto wewe Mlutheri, ng'ambo ile Mkatoliki, hakuna aliyekaa akasoma Ungamo la Augsburg, lile tamko la imani la Kilutheri, ndo akachagua.

Sasa tumemzika mama mkwe, Jumapili iliyofuata tukaenda misa ya kumwombea. Ikafika Kanuni ya Imani nikasimama nikasema nao "Kanisa moja, takatifu, katoliki, la mitume" wala ulimi haukunikwama, japo kwetu tumezoea "kanisa takatifu la Kikristo". Baadaye komunyo, benchi zima linanyanyuka, mimi nimekunja magoti pembeni mashemeji wapite, binti yangu wa miaka kumi kanigeukia: baba huji? Nikamwambia nenda na mama.

Hilo kanisa moja tulilolikiri wote kwa sauti mbona halikuenea benchi moja?

Nikaanza kusomasoma nikakuta hii kesi haijaanza na mimi. Juni 1913 kule Thogoto, Kikuyu, Kenya, wamisheni wa Kiprotestanti walikutana kupanga ushirikiano, Waanglikana wa shirika la CMS, Wapresbiteri wa Scotland, Wamethodisti, misheni ya AIM na wengine. Siku ya mwisho askofu Peel wa Mombasa akaongoza Meza ya Bwana kwa kitabu cha sala cha Kianglikana, ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakashiriki. Willis askofu wa Uganda alikuwepo pia. Askofu wa Zanzibar, Frank Weston, Mwanglikana mwenzao, alipopata habari akawashitaki wote wawili kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, shitaka la uzushi na kuleta mafarakano! Kwa kula pamoja! Mimi naona Weston alikosea na wanaofuata mantiki yake hadi leo wanakosea. Nawasilisha, nipopolewe.

Katekista Mstaafu
Pole kwa msiba mkuu. Ila umechanganya madesa. Hayo maneno manne yanatoka Mtaguso wa Konstantinopoli 381, na walioyaandika hawakuwa wanaelezea hisia ya kupendana, walikuwa na maana ya kanisa unaloweza kuliendea kwa miguu, lina askofu, lina altare. Kwa sisi Ekaristi siyo karamu ya kukaribishana, ukipokea umesema niko na huyu padre, na huyu askofu, na huyu khalifa wa Petro, yaani Papa. Wewe hauko nao, na hutaki kuwa nao, sasa unataka kusema AMINA ya nini? Anayekuzuia hakudharau, anakuheshimu kuliko wewe unavyojiheshimu.

Na Mtaguso wa Vatikano II, ile hati ya 1964 juu ya Kanisa, namba 8, haikusema Kanisa la Kristo ni Katoliki basi nukta, ilisema "linadumu ndani ya" Kanisa Katoliki, na nje yake kuna mambo mengi ya utakatifu na ukweli. Mlango uliachwa na ufa hapo.

Mkwe wa Kibosho
Ufa upi mzee, mwaka 2000 Roma walitoa hati nyingine wakasema sisi ni "jumuiya za kikanisa" na siyo makanisa kwa maana halisi. Yaani nina usharika, nina mchungaji, nina dayosisi, nina askofu, nina sadaka za bahasha kila Jumapili, halafu mi ni jumuiya 😂

Thogoto Damu
Mimi PCEA, Mpresbiteri wa hapo hapo Kikuyu, wacha niwaambie. Hiyo story ya 1913 sisi tunakua nayo. Canterbury walijadili mpaka Vita vya Kwanza vya Dunia vikaanza, jibu likaja 1915, na watu wakalifanyia utani kwamba uamuzi ulikuwa huu: ibada ile ilimpendeza Mungu sana na kwa vyovyote isirudiwe tena. Lakini huo mkutano ndio ulizaa muungano wa misheni, na muungano ukazaa Alliance High School 1926 hapo Kikuyu. Kwa hivyo matunda yako, mwambie Weston ahesabu.

Kwetu alama za kanisa ni tatu tangu ungamo la Waskoti la 1560: neno lihubiriwe kwa kweli, sakramenti zitolewe vizuri, na nidhamu. Askofu hayumo. Mitume walituachia mafundisho, si viti.

Mkunazini
Ngoja ngoja. Mnamsema Weston kama mlevi wa daraja takatifu, mambo ya upadre na uaskofu. Mimi Mwanglikana wa Unguja, hapa jina lake halitajwi hivyo. Alikuja 1898 akawa mwalimu kwanza, uaskofu ulikuja 1908. Swali lake lilikuwa hili tu: kama askofu wa kupokezana tangu mitume ni wa lazima, hamuwezi kujenga shirikisho ambalo kwalo askofu ni hiari, na kama si wa lazima basi sisi tunafanya nini kuwaambia Waafrika wapige magoti kuwekewa mikono kipaimara? Waanglikana wenyewe pale Lambeth 1888, mkutano wa maaskofu wao wa dunia nzima, waliweka mambo manne ya umoja: Maandiko, Kanuni za Imani za kale, sakramenti mbili, na uaskofu wa kihistoria. Weston alikuwa anauliza tu kama tulimaanisha.

Halafu mkuu Thogoto umesema matunda, haya tuyahesabu. Mwaka 1919 serikali ya Gavana Northey wa Kenya ilitoa waraka wa kuwasukuma Waafrika wakafanye kazi kwa masetla, wale walowezi wa kizungu. Willis yuleyule wa Uganda, na askofu mpya wa Mombasa, na Dr Arthur wa misheni yenu ya Kikuyu, walitoa tamko la pamoja. Umoja mzuri sana! Na wakasema kazi ya kulazimishwa ikubalike kwa sasa ila iwekewe sheria na mipaka. Ni nani aliyeandika kijitabu London 1920 kusema hapana, huu ni utumwa? Ni yule mletaji mafarakano wa Zanzibar. Kanisa kuu lake limejengwa palipokuwa soko la watumwa, alijua anasema nini.

Sasa niambieni neno "takatifu" liliangukia upande gani.

Thogoto Damu
Hiyo ya 1919 siwezi bisha. Imeniuma lakini ni kweli. Ila usiifanye ionekane walikosea JUU walikula pamoja, hayo ni mambo mawili.

Mkunazini
Sijasema hivyo. Nasema meza moja haikuwafanya waone vizuri zaidi. Na Weston mwenyewe Lambeth 1920 alikuwa ndani ya kamati iliyoandaa wito wa umoja kwa Wakristo wote, kwa hiyo hakuwa anachukia umoja, alichukia umoja wa haraka haraka.

Katekista Mstaafu
Nacheka kidogo jamani mnisamehe. Weston anawashitaki wenzake kwamba wamepuuza daraja takatifu, wakati Papa Leo XIII mwaka 1896 alishatangaza daraja za Waanglikana ni batili kabisa. Kwa macho ya Roma mshitaki na washitakiwa wote walikuwa walei waliovaa kofia.

Mkunazini
😐 Hiyo tumeizoea mzee.

Moto Usiozimika
Nyie endeleeni na miaka yenu na makofia. Biblia imesema wawili watatu wakikusanyika kwa jina lake yeye yupo. Alama ya kanisa ni WATU WALIOOKOKA. Mchungaji mlevi, padre ana watoto mtaa wa tatu, askofu kala hela za sadaka, halafu unaniambia ni kanisa takatifu la mitume kwa sababu aliwekewa mikono na mtu aliyewekewa mikono? Utakatifu uko wapi hapo. Sisi tukimkuta mtu yuko kwenye dhambi anashuka madhabahuni siku hiyohiyo.

Mkwe wa Kibosho
Mtumishi hili kwa kweli linawachoma wengi, ila ni la zamani kuliko Luther na Papa Leo wote. Afrika ya Kaskazini, mateso ya Diokletiano yalianza 303, maaskofu wengine wakasalimisha vitabu vitakatifu vichomwe. Mateso yalipoisha wakatokea waliosema aliyesalimisha vitabu, ubatizo wake hewa, na askofu aliyewekwa naye hewa, wakajitenga, ndo Wadonato. Walikuwa na mashahidi wao, wana nidhamu, watu wa moto kama nyie. Askofu Augustino akawajibu kwamba anayebatiza ni Kristo, mhudumu mbaya ni kama mfereji wa mawe, wenyewe hauoti kitu ila maji yanapita yanafika bustanini. Mchagga yeyote anaelewa hii, mfongo, ule mfereji wa maji wa kwetu, hauli ndizi lakini bila mfongo hakuna mgomba.

Shida ya njia yako ni moja, kesho ukigundua aliyekubatiza alikuwa mzinzi utabatizwa mara ngapi?

Moto Usiozimika
Nilibatizwa mara mbili tayari so what

Riruta Kona
Naona mmetusahau kama kawaida, Orthodox tupo, Kenya na Uganda kote. Na sisi neno "la mitume" tulilinunua kwa bei. Reuben Spartas wa Uganda alitoka kwa Waanglikana akitafuta kanisa la Waafrika lenye mizizi ya kale, 1932 akapata upadre kwa askofu Alexander kutoka Afrika Kusini. Baadaye Mgiriki mmoja aliyemletea mtoto abatizwe akaona ibada siyo ya Orthodox anayoijua. Hebu fikiria, una waumini, una mashule, halafu unaambiwa mnyororo wako wa maaskofu tangu mitume haujashikamana. Angeweza kusema Mungu anajua moyo. Akaandika barua Alexandria, kwa mkuu wa Orthodox wa Afrika, akaandika tena, mpaka 1946 huyo Patriaki akawapokea, pamoja na wa Kenya. Huyo mtu alikuwa anataka uhuru kutoka kwa mzungu kuliko sisi wote hapa, na bado aliona mnyororo ni wa muhimu.

Na hilo "katoliki" mnavyogombania kama jina la timu! Kwa Kigiriki ni kitu kizima, kisichopungua. Ignasio wa Antiokia alipolitumia, kama mwaka 107 hivi, alisema alipo Yesu Kristo ndipo lilipo kanisa katoliki, na alikuwa anaongelea askofu na watu wake mezani. Kigango chenye watu kumi na mama mmoja anayepiga kengele, kikiwa na askofu wa kweli, ni katoliki kizima.

Mkwe wa Kibosho
Riruta hiyo ya kitu kizima nimeipenda, na pengine ndo maana wazee wetu waliposema "la Kikristo" hawakukosea sana, hata Wajerumani walishatafsiri hivyo kabla ya Luther. Ila inanirudisha palepale. Luther 1539 alitaja alama saba, neno, ubatizo, meza, funguo za kuondolea dhambi, wahudumu, sala, na ya saba ni msalaba, yaani mateso. Nikiangalia hiyo saba, mama mkwe wangu na mama yangu walikuwa nayo sawasawa, mmoja na rozari, mwingine na kitabu cha nyimbo.

Kuhusu Weston nimelegea kidogo, sio kwamba alikuwa sahihi, ila naona alikuwa anauliza swali ambalo wenzake walilirukia kwa chai na picha ya pamoja. Kosa lake ni kukimbilia mashitaka. Angepanda meli ya Mombasa wakaongea.

Jumapili hii tunaenda kwetu Machame, kuna Chakula cha Bwana, mke wangu ndo atabaki benchi safari hii. Binti kashauliza yeye atakaa na mama au atakuja na mimi mbele. Sijamjibu.

Katekista Mstaafu
Atakaa na mama yake mkuu. Kipaimara bado, hata nyie hamtampa.